Jumamosi Niliyopika Chai Dukani

Kileleshwa, Jumapili jioni

Mwanangu Simiyu,

Mama yako yuko chumba cha pili anakunja mashati yako kwa mara ya tatu, nawe umeshuka Kangemi kuwaaga rafiki zako. Basi nimebaki na meza, kalamu, na muda wa kutosha kabla hujarudi. Sitakuandikia habari za flana, dawa ya homa, wala mahali pa kuficha pasipoti melini. Hayo mama yako amekwambia mchana kutwa, na nikiyarudia atasema nimeyaandika vibaya.

Ninachotaka ni kukurudishia kitu chako.

Alhamisi, tulipokuwa tukipanda kutoka mjini, pale kwenye mlima wa Chiromo, uliinama ukajifanya unafunga kamba ya kiatu. Ukasema bila kunitazama, "Baba, asante kwa kuniachia siku ile." Nami nikajibu, "Haya." Tukaendelea kutembea, ukaanza kupiga mbinja, na mimi nikatembea kando yako kama mtu aliyevaa koti la mwenzake.

Hiyo "haya" imenikaa kooni siku tatu. Sikukuachia, Simiyu. Jumamosi ile ulinishinda, mbele ya watu wote wa duka, na ulinishinda kwa haki. Ukipanda treni kesho ukiamini kwamba baba yako alijifanya kiziwi ili uende Kalkata, utakuwa umeondoka na tiketi niliyokununulia kwa uongo. Nataka uondoke na ile uliyoipata mwenyewe.

Najua hutaniamini kwa maneno machache. Nitaeleza tangu mwanzo. Unanifahamu: nikiulizwa ni saa ngapi huanza na jinsi saa inavyotengenezwa. Vumilia mara hii ya mwisho, kwa sababu kule uendako watakueleza mambo kwa Kibengali na utanikumbuka.

Nilipoingia dukani kwa Mzee Harilal, wewe ulikuwa hujaanza shule. Nilikuwa nimeacha ualimu kule Kimilili, na kitu pekee nilichokuja nacho mjini ni kujua kurekebisha kinanda cha kanisani kwa kusikiliza. Mzee Harilal alinipa gramafoni tatu zilizokufa, akaketi kwenye kiti chake cha mlangoni kutazama River Road inavyopita, na jioni alipozisikia zote zinaimba akasema, "Kesho kuja tena." Hayo ndiyo maneno ya kuajiriwa niliyopewa. Hadi leo hajasema mengine.

Magitaa yalikuja baadaye, kwenye makasha yenye nyasi kavu. Majina ya viwanda yalitushinda kutamka, kwa hiyo tuliyaita kwa picha zilizobandikwa kichwani. La Kijerumani lilikuwa na njiwa, tukaliita Njiwa. La Kiingereza lilikuwa Taji. Lililotoka kusini lilikuwa Tembo. Na yale machache ya Kimarekani yalikuwa na nyota ya shaba, tukayaita Nyota, na Mzee Harilal aliyaweka juu kabisa ili mtu aanze kuyaheshimu kwa shingo.

Mengi yalikuwa ya kulaza. Unajua kuliko mimi, lakini niache nieleze, ni starehe yangu. Unalaza gitaa magotini, nyuzi zimeinuliwa juu ya ubao, na badala ya kubonyeza kwa vidole unatelezesha kipande cha chuma. Kwa hiyo sauti haipandi ngazi. Inateleza kama mtoto kwenye mlima wenye matope. Kwa gitaa la namna hiyo hakuna pa kujificha; ukikosea kwa upana wa unywele kila mtu anajua, hata aliyepita njiani kwenda kununua misumari.

Mchezo wetu wa Jumamosi alianzisha Fernandes, karani. Saa saba mchana duka likifungwa, mmoja alikaa juu ya kasha la santuri akitazama ukuta, na mwingine akachagua gitaa, akapiga kidogo. Aliyegeuza mgongo alitakiwa kutaja ni lipi. Akikosa, yeye ndiye anapika chai ya wote na kuwaandalia, na hapakuwa na cheo. Mzee Harilal mwenyewe amewahi kutuletea vikombe kwa mikono yake, na siku hiyo jirani muuza misumari alikuja kushuhudia. Fernandes alikosa mara nyingi hata akanunua birika lake.

Mimi sikuwahi kupika. Miaka yote hiyo, hata mara moja.

Watu walianza kuja. Mafundi wa baiskeli, wapiga chapa wa ng'ambo ya barabara, mpishi wa hoteli aliyekuwa na gitaa lake mwenyewe. Nilikaa nikitazama ukuta, na wakinipigia noti tatu nasema, "Tembo." Wananipigia nyingine, nasema, "Njiwa, na waya wa pili umechoka." Waliuliza nafanyaje, nami, unavyonijua, nikaeleza. Niliwaambia wasisikilize mwanzo wa sauti, maana mwanzo ni kucha na chuma tu. Wasikilize mkia. Njiwa linakata mkia wake umenyooka kama mstari wa rula. Taji linakohoa kwanza. Tembo lina kifua kikubwa na pumzi fupi. Nyota mkia wake haukatiki, unaondoka chumbani kwa adabu. Nilisema hayo kwa miaka na kila neno niliona ni kweli.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mama yako halijui.

Alikuja mtu mmoja, Odera, mpakuaji wa magunia kwenye stesheni. Alileta gitaa limefungwa kwa blanketi, akataka kuliuza. Alisema ni Taji. Kichwani hapakuwa na picha, ilikuwa imebanduka. Ilikuwa Jumamosi, watu wamejaa, na mmoja akasema, "Mwalimu, geuza mgongo tujue." Nikageuza. Odera akapiga. Nikasema bila hata kungoja mkia, "Hili ni Tembo, na aliyeondoa picha alijua kwa nini." Watu walicheka sana. Odera alilifunga blanketi lake polepole, akasema, "Sawa, Mwalimu," akaondoka.

Mwezi mmoja baadaye lilikuja gitaa lilelile mikononi mwa mtu mwingine aliyelinunua kwa bei ya Tembo. Nililifungua kubadilisha ubao wa ndani. Mhuri wa kiwanda ulikuwa humo. Lilikuwa Taji.

Nilirudisha ubao, nikanyamaza. Nilikaa na jambo hilo majuma mengi, Simiyu, kisha siku moja nikaenda kumtafuta Odera nyumbani kwake Kibera, nikiwa nimevaa tai kana kwamba naenda mahakamani. Nilimkuta anakata nywele za mwanawe. Nikasema, "Nimekuja kukwambia lilikuwa Taji."

Akasema, "Mwalimu, mimi nilijua gita yangu. Ni wewe ulikuwa hujui."

"Kwa nini hukubisha?"

"Ningebishana na wewe mbele ya watu wako? Na hii mikono?" Akanionyesha. Vidole vilikuwa vimevimba kwa kubeba magunia. Hangeweza kubana waya vizuri hata ungekuwa wa dhahabu. Kisha akaniambia nishike kichwa cha mtoto kisitikisike, na tulimaliza kunyoa pamoja. Nilimpelekea gitaa jingine kutoka kwenye yale niliyoyafufua, na hadi leo tukikutana sokoni ananiita Bwana Tembo. Ulidhani ni kwa sababu ya masikio yangu makubwa. Nilikuacha udhani.

Ningekuwa mtu mwepesi wa kujifunza ningeelewa siku ile. Nilimhukumu Odera kwa vidole vyake nikasema ni kiwanda. Lakini niliona ni bahati mbaya ya mara moja, nikarudi kwenye kasha langu.

Halafu akaja Mmarekani.

Unakumbuka alivyoingia, kofia mkononi, mchimba visima, mrefu hata akagonga taa. Lile sanduku walilibeba watu wawili. Tulipolifungua Fernandes alisema, "Hii ni gita ama ni meza imemeza baiskeli?" Miguu minne, nyuzi nane, na chini pedali mbili zilizounganishwa kwa vyuma. Chuma kimoja kilikuwa kimekatika, na hakuna mahali pengine Nairobi ambapo angelipeleka. Nilichukua juma zima kukitengeneza, kwa sababu ya ugumu wake, na pia, nakiri, kwa sababu kila mchana alikuja kulipiga na sikutaka aondoke.

Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Sauti tatu zinasimama pamoja, halafu bila mkono kusogea anakanyaga, na moja kati yake inapanda zile mbili zikingoja, kama mwanakwaya mmoja aliyeamua kutabasamu katikati ya wimbo. Wewe ulikuwa umesimama kando ya kabati la santuri. Nilikuona unatazama miguu yake wakati sisi wote tulitazama mikono. Nilidhani umechoka kusimama.

Ni majuma yale yale ambapo barua ya ofisi ya reli ya kukupa kazi ya ukarani ilifika, na Mzee Harilal akapata barua ya ndugu yake wa Kalkata anayetengeneza magitaa ya kulaza, kwamba yuko tayari kumpokea kijana mmoja kwa miaka mitatu. Unakumbuka chakula cha jioni nyumbani siku hizo. Hakuna aliyejua alikula nini.

Ulisema, "Baba, huko ofisini nitaandika nini?"

"Magunia. Yaliyoingia na yaliyotoka."

"Na yaliyopotea?"

"Hayo anaandika mkubwa."

Mama yako alicheka hadi akatoka nje, nami nikakasirika kwa sababu nilikuwa karibu kucheka. Niliikataa Kalkata kwa sauti ya mwalimu. Nilikupa sababu nyingi zenye mpangilio mzuri. Ile yenyewe sikuitoa. Nilikuwa nimeacha kazi yenye heshima na malipo ya uzeeni nikaja kukaa juu ya kasha, na ingawa nilikuwa na furaha kwenye kasha lile kila siku ya maisha yangu, niliona haya kuwa na furaha hiyo. Nilitaka wewe ukae kwenye kiti chenye mgongo ili watu wasiniulize. Hilo ni kosa langu la pili katika barua hii, na nadhani ndilo kubwa zaidi. Mtu aliyependa kazi yake maisha yake yote alikuwa anamkataza mwanawe asiipende.

Ndipo ukasema lile neno, umeshika kijiko. "Baba, geuza mgongo. Jumamosi nitakuletea gitaa. Ukilitambua, Jumatatu niko ofisi ya reli, na sitataja Kalkata tena. Ukikosa, naenda."

Nilikubali kabla hujaweka kijiko chini. Nilikuhurumia hata. Nilimwambia mama yako usiku huo kwamba umejifunga mwenyewe kamba.

Juma hilo homa ilinilaza Jumatano hadi Ijumaa. Jumamosi nilishuka mjini nikiwa sijapona sawasawa, duka limejaa hadi nje, na Mzee Harilal amekataza mtu yeyote kunisalimu asije akanidokeza. Nikakaa. Nikatazama ukuta. Ninaujua ukuta ule kuliko uso wangu. Una ufa unaofanana na mto.

Nyuma yangu palikuwa na kuburuta, na miguu ya chuma kwenye saruji, nikatabasamu. Nilijua ni lile la Mmarekani. Nilidhani umemwomba akusaidie, na kwamba unategemea nitashangaa kulikuta bado liko dukani.

Kisha likapigwa.

Sikiliza sasa, hapa ndipo unapopaswa kuniamini. Sikuwa na shaka yoyote. Nimejichunguza tangu siku ile kama ninavyochunguza gramafoni, skrubu kwa skrubu, nikitafuta kama mahali fulani ndani yangu palikuwa na sauti ndogo iliyosema "huyu ni mtoto wako, mwachie." Haikuwepo. Nilisikia chuma kikiingia kwenye noti kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayefungua mlango taratibu asiamshe watoto. Nilisikia pedali ikikanyagwa nusu, ikasita, ikamalizika. Nilisikia mkia ukiondoka chumbani kwa adabu. Nilifurahi. Nilitamani usiishe. Na ulipoisha nikasema kwa sauti ile mnayoiiga nyumbani mkidhani sisikii, "Nyota. Na si Nyota tu. Anayepiga ni Mmarekani mwenyewe."

Halafu nikasikia Fernandes anachekea ndani ya kitambaa.

Nikageuka. Ulikuwa umekaa nyuma ya meza ya mvule yenye miguu ya kitanda cha chuma. Breki za baiskeli chini. Mkononi pini ya pistoni ya lori, imesuguliwa hadi inang'aa. Kichwani mwa gitaa hapakuwa na njiwa, taji, tembo wala nyota. Mmarekani alikuwa ameondoka Alhamisi na sanduku lake kwenda kuchimba maji kaskazini.

Nilichofanya ni kucheka. Nilicheka hadi nikashika rafu. Nikasema, "Basi, nenda." Na kwa kuwa nilicheka hivyo, kila mtu aliona amegundua siri.

Mzee Harilal alinifuata nyuma kwenye jiko la Primus. "Mwalimu, leo wewe pika chai," alisema, kisha akanifinyia jicho. "Lakini mimi najua. Masikio yako hapana kosa. Baba ni baba."

Ningeweza kusema hapo. Nilikuwa na kibiriti mkononi na nafasi nzuri. Nikainama kuwasha moto.

Chai ile unaikumbuka. Sikujua majani yanaingia lini, nikayatia mwanzoni, katikati, na mwisho kwa usalama. Maziwa yakafurika yakazima Primus. Fernandes alionja akasema, "Mwalimu, hii tunaweza kupaka mlango. Na mlango ikanyeshewa haitajali." Wewe ulimaliza kikombe chako chote, ukanitazama juu ya ukingo wake kwa macho ya shukrani, nami nikayapokea macho yale. Nyumbani mama yako alisema, "Umefanya vizuri kumwachia mtoto. Sikujua una moyo huo." Nikayapokea na hayo. Miaka yote nilikuwa mtu mwenye masikio yasiyokosea. Kwa siku moja nikawa mtu mwenye masikio yasiyokosea na moyo mkubwa juu yake. Ni vigumu kuvua nguo inayokutosha vizuri namna hiyo.

Jumatatu niliwahi dukani kabla ya Mzee. Nilimwomba Fernandes achukue magitaa matano, ayapige yote yeye mwenyewe, kwa mkono mmoja uleule, bila kubadilisha chochote. Nikageuza mgongo. Nilipata mawili. Tukarudia. Nilipata moja.

Fernandes aliweka gitaa chini. "Mwalimu, uko na homa bado."

"Sina homa," nikasema. "Hebu niambie. Siku zile zote, Tembo alikuwa anapiga nani?"

Alifikiri. "Tembo? Huyo mpishi, kila wakati. Anapenda hiyo kwa sababu iko na kelele."

"Na Njiwa?"

"Mimi."

"Na Taji?"

"Mzee akiwa na furaha." Kisha akaanza kucheka, nami pia, wawili peke yetu, duka halijafunguliwa.

Unaona. Miaka yote ile sikuwa natambua viwanda. Nilikuwa natambua watu. Fernandes ananyoosha kila kitu kama rula, hata mistari ya daftari lake. Mzee Harilal anakohoa kabla ya jambo lolote. Mpishi ana kifua kikubwa na pumzi fupi, na ngazi za hoteli zitamuua. Nilikuwa nasikiliza rafiki zangu na kuwapa majina ya Wajerumani na Waingereza. Sisemi mbao hazina sauti. Zinayo, na utajifunza zaidi kule kuliko ninavyojua. Ila ni ndogo kuliko nilivyowaambia watu, na mkono ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Fernandes ameapa kutosema. Nimemwambia anaweza kusema kuanzia kesho treni ikiondoka.

Sasa jambo lililonifanya nichukue kalamu. Mkono wa Mmarekani niliutambua baada ya juma moja. Ulipouiga, uliuiga vizuri hata nikaapa ni wake, na kwa hilo nakuvulia kofia. Lakini nilijiuliza: kama ungepiga kwa mkono wako mwenyewe, je, ningekutambua? Na jibu ni hapana. Sikuujua.

Nilikuwa naujua ulipokuwa na miaka minane na tisa. Ulifunga waya wa fremu ya picha kwenye mlango wa kota, ukaupiga kwa kijiko, ukitelezesha chupa ya dawa, na nilijua kutoka barabarani kama umefurahi au umepigwa shuleni. Ulikuwa na tabia ya kurudia noti ya mwisho mara mbili, ya pili kwa upole, kana kwamba unaiomba radhi. Baadaye ukakua, nikaanza kukagua hesabu zako, na nikaacha kusikiliza. Miezi sita ulikwenda nyuma ya duka la baiskeli kila jioni kuunda gitaa lako, na breki ukazifunga Mmarekani alipokuja, nami nikadhani uko darasa la uandishi wa hesabu za biashara. Nilikuuliza mara moja mnasoma nini, ukasema, "Mizani, Baba," na nikaridhika. Kila Jumamosi watu walikuja kusifu masikio yangu, na mtu aliyekuwa akilala upande wa pili wa pazia hakusikika.

Sikuandikii haya kwa huzuni. Nina furaha kubwa jioni hii, na mama yako amekwisha kuja mara mbili kuuliza nacheka nini. Nafurahi kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyokaa miaka mingi ina chumba kingine. Ila sikutaka uende ukidhani ulisaidiwa. Utafika kule, utakuwa mgeni, kazi ya kwanza utaiharibu, na ya pili, na saa hiyo mtu hujiuliza kama kweli anastahili kuwa pale. Ukijiuliza, usikumbuke kwamba baba yako alikupenda. Nakupenda, lakini hilo halitengenezi gitaa. Kumbuka kwamba kulikuwa na mtu River Road ambaye hakuna aliyemshinda, aliyetaka kwa moyo wake wote ukae Nairobi uandike magunia, na ulimshinda kwa kitanda, breki, na pini ya lori.

Ombi langu ni moja. Mmarekani umemmaliza, mwache aende zake. Kule Kalkata watakuwepo mabwana wengine wenye mikono mizuri, na kwa masikio na macho uliyonayo utawaiga wote ndani ya mwaka. Waige, ni shule. Lakini jioni ukiwa peke yako, piga kama ulivyopiga mlangoni kwa kijiko. Sijui mkono huo umekuwa namna gani sasa. Nataka kuujua.

Ukirudi tutafanya tena. Mzee Harilal atoe kiti chake, Fernandes alete birika, Odera aje aniite Bwana Tembo mbele ya watu. Wapange wapigaji kumi, nawe uwe mmoja wao, popote kwenye foleni, kwa gitaa lolote. Nitatazama ukuta. Sitataja kiwanda hata kimoja. Nitangoja hadi nisikie mtu anayeomba radhi kwenye noti ya mwisho. Nikikosa, nitapika.

Nasikia sauti yako langoni, unabishana na mtu kuhusu nani atabeba sanduku. Barua hii nitaiweka chini ya mashati, mama yako akimaliza kuyakunja, na utaisoma treni ikishapita Athi River, ambapo huwezi kushuka kuja kubishana nami.

Neno la mwisho ni kuhusu kesho asubuhi. Ukiamka ukasikia harufu ya maziwa yaliyofurika usishtuke, nimeomba jiko na mama yako amenikubalia kwa shingo upande. Chai ya dukani uliinywa ukidhani ni zawadi. Ilikuwa haki yako. Hii ya kesho ndiyo zawadi, kwa hiyo uimalize hata kama inafaa kupaka mlango.

Ni mimi baba yako, niliyeshindwa.